Skwoti London: MSILALE JUU YA BAA, mimi nimelala na nimelipia

Msipande juu. Nasema tena msipande juu. Eti mnaanzisha skwoti, yaani kukalia jengo tupu bila ruhusa ya mwenyewe, mmepata baa iliyofungwa London mashariki, chini mnataka muweke jiko la chakula cha bure na maktaba, na nyie watano mlale vile vyumba 3 vya ghorofani "maana vitanda tayari vipo", halafu unauliza vikao viendeshwe vipi na zamu zigawanywe vipi. Mkuu, vikao mtavifanyia selo?

Mimi ndo nililala juu. Mwaka 2017, baa kama hiyohiyo, nina viza ya mwanafunzi mfukoni. Na kabla hamjaanza na yale maneno yenu ya Mswahili kupenda vya bure, nilifua mapazia ya baa nzima kwa mikono, pale sikukaa bure. Kulikuwa na mzee mmoja kwenye kundi letu, mkongwe wa skwoti za Brixton, kusini mwa London, anakusimulia nyumba ya 121 Railton Road kama unaiona, jinsi wanaharakati Olive Morris na Liz Obi walivyoikalia 1973, ikaja kuwa kituo cha maanakisti, wale wasiotaka serikali, kuanzia 1981 mpaka walipotolewa 1999. Nani angembishia mtu kama huyo? Akabandika mlangoni ile karatasi ya kifungu cha 6 cha sheria ya jinai ya 1977 (Criminal Law Act), akatuambia hapa haingii mtu kwa nguvu, mwenye jengo mpaka aende mahakamani, laleni.

Tukalala.

Usiku wa nne polisi wakavunja mlango. Hawana karatasi ya mahakama na hawaihitaji, kwa sababu tangu tarehe 1 Septemba 2012 kuishi kwenye jengo la makazi uliloingia bila ruhusa ni jinai, kifungu cha 144 cha sheria ya 2012 inayoitwa LASPO, jela mpaka miezi 6 au faini au vyote viwili, na polisi wanaruhusiwa kuingia kukukamata. Mzee anapiga kelele hii ni baa sio nyumba, afisa kamsikiliza mpaka mwisho halafu kamuonyesha bafu na jiko la juu. Sheria yenyewe inasema SEHEMU ya jengo nayo ni jengo, na kinachoangaliwa ni kama ilijengwa au ilibadilishwa iwe ya kuishi kabla nyinyi hamjaingia. Baa nyingi za kule zina makazi ya meneja juu. Kwa hiyo chini tulikuwa na kesi ya madai tu, ile ya kupelekana mahakamani taratibu, ila juu tulikuwa wahalifu, katikati ni ngazi 14, nilizihesabu nikishuka na pingu.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba yule mzee ALIJUA. Nilimuuliza baadaye, akanijibu "huwa hawajisumbui". Yeye raia, akitoka anaenda kunywa chai kwake. Mimi saa 9 usiku nimechoka, naambiwa kubali onyo uende nyumbani, nikasaini, wakili wa bure yupo pale kituoni na mimi sijamuita. Onyo la polisi ni kukiri kosa, na fomu ya viza inaliuliza. Niliijaza ile fomu nalia, wiki 11 nasubiri jibu, mama ananipigia kila siku namdanganya mitihani.

Sasa kabla hamjavuka mlango chunguzeni ile nafasi ilikuwa ya nini. Ina dalili ya mtu kuishi, acheni, tafuteni ghala au ofisi. Kama moyo umeshaishia kwenye hiyo baa basi juu pafungwe kabisa, asikanyage mtu, anayelinda usiku akae macho chini kwenye kaunta, na lazima awepo mtu saa zote maana hiyo karatasi ya kifungu cha 6 inamlinda aliyemo ndani, mkitoka wote ni karatasi tu. Wapigieni Advisory Service for Squatters, wale wanaowashauri watu wa skwoti, wapo tangu 1975, muwaelezee ramani ya jengo chumba kwa chumba.

Ya vikao wengine watakujibu. Wewe niambie kitu kimoja, kwenye hao watano wangapi wana viza? Na nani kawaambia mlale juu?