Sindano ya bandi: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho usiku mama yako akiwa amelala. Waniuliza: "Baba, wewe uliyapata wapi masaa? Mfarishi wa mtoto wa dada, lile blanketi la viraka, umenilalia miezi minne. Nikirudi kazini kuna soko, kuna nguo za kufua, kuna tokeni za stima, na nikitandaza tu vitambaa paka keshalala juu yake. Nimpe jirani huyu paka, au mfarishi niuweke kabatini mpaka nitulie?"

Masaa, mama, sikuyapata. Wewe ulikuwapo nyumba ile ya Pumwani na uliona. Mama yako alikuwa zamu ya usiku, mchana amelala, kwa hiyo soko lilikuwa langu, maji yangu, jiko langu. Kibandani Soko la Uhuru nilishona sare za shule, na ikifika Januari wazazi walijaa mlangoni hata kula ilikuwa ni kusimama. Mfarishi niliushona kwenye nyufa za siku, mistari miwili huku, minne kule. Ukinitaka nikueleze namna ya kugawa masaa sina la kukwambia. Ninachokijua ni namna ya kuinuka. Funga kazi kwanza, ndipo uinuke. Umelisikia neno hilo mpaka ukawa unaniigiza mbele ya shangazi zako. Ila nilikojifunzia sikuwahi kukwambia.

Unakumbuka mwaka wa 2000, stima ya mgao. Mvua zilikuwa zimekataa, mabwawa ya mto Tana yameshuka, na stima ikawa inakatwa saa nyingi za mchana. Cherehani ya umeme ikawa meza ya kuwekea chai. Nikarudi kwenye ile ya kukanyaga ya bibi yako, na usiku nikishona kwa mkono kwa taa ya chemli. Ndio wakati niliposhona ule mfarishi wa kitanda chenu, wewe na dada yako. Vipande vya sare: buluu, kijani, miraba ya nyekundu na nyeupe, na katikati leso kuukuu ya bibi. Pamba tupu, tetroni niliitoa yote, maana vitambaa viwili visivyorudi sawa vikifuliwa, mfarishi hujikunja kama uso wa mtu aliyenuna. Sikuwahi kushona kitu kizuri kama kile. Mpaka leo nasema hivyo.

Jioni moja nilikuwa nimetandaza tabaka zote tatu sakafuni: kitambaa cha chini, pamba ya kujazia, viraka juu. Napiga bandi kutoka katikati kwenda nje, mishono ya vidole vinne vinne, ili pamba isitembee. Sindano ndefu, uzi mweupe. Paka wetu Moshi amejilaza palepale katikati, namzunguka kama gari linavyozunguka raundabauti. Mara nikasikia mfereji wa uani unakoroma. Maji! Siku nne yalikuwa hayajatoka. Nikachomeka sindano kwenye mkono wa kiti, uzi unaning'inia, nikakamata mitungi nikatoka mbio kabla foleni haijafika barabarani.

Nilirudi baada ya dakika arubaini hivi. Kulikuwa na pipa la kujaza, na wali wa kuweka motoni. Nilipokaa tena nikachukua sindano nyingine nikaendelea. Mkono wa kiti sikuutazama.

Asubuhi Moshi hakula. Mate yalikuwa yanamtiririka, na kila mara anajikwaruza shavu kwa mguu. Mama yako alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, bado na sare yake nyeupe. Akamshika, akamfunua mdomo pale dirishani kwenye mwanga. Uzi. Umezunguka chini ya ulimi, umekaza mpaka umekata nyama, na ncha nyingine imeshuka kooni haionekani. Nilipeleka mkono niuvute. Mama yako akanipiga kofi la mkono: "Usivute! Utamkata matumbo."

Daktari wa wanyama kule Kabete alinieleza baadaye, na akanieleza kwa lugha ya kazi yangu. Uzi ukishikwa upande mmoja, utumbo unaendelea kutembea na kujipandisha juu yake, kama kitambaa kinavyojikusanya marinda ukivuta uzi. Ukiuvuta ndio unapasua. Kwa hiyo nakwambia na wewe, ukiuona uzi kwenye kinywa cha paka, au hata umetokeza nyuma, usiuguse. Mbebe uende kwa daktari saa ileile.

Lakini kabla ya Kabete. Nilipoona ule uzi nilikugeukia wewe. Ulikuwa na miaka saba, mkate mkononi, chai mbele yako. Jana yake ulikuwa umemshonea mwanasesere gauni. Nikasema, "Ni wewe umechezea sindano." Sikuuliza, nilisema. Na ukakubali, mwanangu. Ulitikisa kichwa ukasema ndiyo, kwa sababu baba amesema. Ukalibeba lile kapu, leso imefungwa juu, matatu mbili kwenda, na njia nzima hukuinua macho.

Walimpasua, akapona, hilo unalijua. Unajua pia kwamba mfarishi niliuuza kulipia, kwa mteja wa Eastleigh, na dada yako akanuna mwezi mzima. Usilolijua ni hili. Daktari alinipa ile sindano ndani ya kikopo cha dawa. Niliitazama pale pale kizingitini. Ndefu, jicho pana. Sindano ya bandi. Wewe ulikuwa ukitumia ile fupi, na ile fupi niliikuta nyumbani imelala ndani ya gauni la mwanasesere.

Kwa hiyo nilijua, na nilinyamaza. Nimejitetea sana moyoni miaka hii. Nilikuwa nimechoka. Stima hakuna, ada za muhula zimekaribia, mama yako hajalala. Kweli yote. Lakini kuchoka kulinifanya niiache sindano kwenye kiti, hakukunifunga mdomo. Kutoka Kabete hadi Pumwani ni safari ndefu, nilikuwa nimekaa nawe kiti kimoja, kikopo kiko mfukoni. Usiku ule nilikusikia ukimwambia mama yako, "Mimi nilitaka kumuua Moshi." Nilikuwa nyuma ya pazia. Na hukushika sindano tena mpaka ulipokuwa sekondari. Watu husema mtoto husahau. Sidhani. Nisamehe, mwanangu.

Sasa nirudi kwenye shida yako. Wewe unadhani maji na soko ndivyo vinavyokuvunjia kazi, na mimi pia nilidhani hivyo. Mfereji haukuwa na kosa. Maji yakitoka ni lazima mtu ainuke. Kosa ni kwamba niliinuka kazi ikiwa wazi. Basi funga kazi kwanza. Mimi tangu siku ile sindano zangu ni kumi, zina kibao chao cha sifongo, na siendi hata mlangoni kabla sijaziona kumi. Uzi naukata mfupi, wa urefu wa mkono. Vipande vya uzi vinaingia kwenye kopo lenye mfuniko, haviangushwi chini. Na ikiwa ni kuunganisha viraka, wakati maharagwe yako motoni vipitishe mbilimbili kwenye cherehani bila kukata uzi katikati, vitoke kama vibendera vya harusi. Ukiitwa, unamaliza kile kilicho chini ya mguu wa cherehani, unafunika, unakwenda. Bandi usiianze siku ya kazi. Bandi inataka sakafu, na sakafu ikishatandazwa ni ya paka, hilo huwezi kulibadilisha. Mpe kipande chake cha pamba pembeni, akilalie yeye kwanza.

Kuhusu kumpa jirani, au kuuweka mfarishi kabatini, wewe ni mtu mzima na nyumba ni yako. Mama yako ameniambia nisiingie. Siingii. Bibi yako angesema paka ni mtu wa nyumbani, anayewazunguka watu wa nyumba, na huwezi kumhamisha mtu kwa sababu ya uzi. Lakini hayo ni ya bibi. Na mtoto wa dada yako atazaliwa Desemba, mfarishi uwe umekwisha au haujaisha, atafunikwa na chochote. Mimi ningekuwa mimi... basi, nimeahidi.

Jumamosi njoo na vyote, vitambaa na paka, umfunge kwenye kapu vizuri maana matatu za Roysambu zina kelele. Ile leso nyekundu kama hujailoweka usiikate kwanza. Karai liko uani, na Jumamosi maji huwa yanatoka mapema.

Baba yako