Kompyuta Iliyogoma Kuwaka Baada ya Kuongezewa Vifaa: Kwa Vijana Wanaoanza Ufundi Hapa Tabora

Kompyuta ya mezani iliyowaka vizuri asubuhi, ukaifungua ukaiongezea vifaa, kisha ikagoma kuwaka jioni, haifanani na ile iliyozimika yenyewe usiku wakati umeme unakatika na kurudi. Hii ya kwanza unajua ilikuwa nzima kabla mkono wako haujaingia ndani ya keisi, na kwa hiyo mara nyingi kosa liko katika kile ulichokigusa. Kijana anayeanza kazi husahau jambo hili mapema sana, akaanza kuutuhumu ubao mama, ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, ambao hajauondoa wala kuubadilisha.

Nami nililisahau. Katika miaka yangu ya mwanzo, mama mmoja mwenye duka la steshenari aliniletea mashine yake niiongezee ramu, yaani kumbukumbu ya muda, na kadi ya grafiki, inayotengeneza picha za skrini, na kwa kuwa pawasaplai iliyokuwamo, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, ilikuwa dhaifu, nikaibadilisha pia. Vitu vitatu kwa mkupuo mmoja. Nilipobonyeza swichi feni zilizunguka na taa ikawaka, lakini skrini ilibaki nyeusi. Nikamweleza kwamba ubao mama umeungua, akalipia mwingine, ukaagizwa Kariakoo na kuletwa kwa basi. Siku nilipofungua skrubu ili kuutoa ule wa zamani, niliona soketi ndogo ya umeme iliyo kando ya prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote, ikiwa wazi, na waya wake umelala nyuma ya feni. Niliuchomeka, mashine ikawaka. Yule mama alikuwa amekaa siku nne bila kuchapa chochote katika msimu wa mitihani, na ingawa nilimrudishia fedha za ubao, wateja aliowapoteza sikuweza kumrudishia.

Ndiyo maana nawasihi muanze na nyaya za umeme. Ubao mama wa kawaida hulishwa na nyaya mbili tofauti: mpana wenye pini 24, na mwingine wenye pini 4 au 8 unaoilisha prosesa peke yake. Ukiusahau huu wa pili, feni huweza kuzunguka kana kwamba kila kitu ni salama, lakini prosesa haina umeme wa kufanyia kazi. Kuna pia waya wa pini 8 wa kadi ya grafiki, ambao kwa macho unakaribia kufanana na ule wa prosesa, ilhali mpangilio wa umeme ndani yake umegeuzwa. Kwa hiyo waya ukikataa kuingia, usiulazimishe. Vilevile, pawasaplai ambazo nyaya zake huchomolewa haziazimani nyaya, hata kama vichwa vinaingiliana, kwa sababu kila mtengenezaji hupanga pini za upande wa pawasaplai anavyotaka.

Kadi ya grafiki hupata hadi wati 75 kutoka kwenye soketi yake ya ubao mama. Inayohitaji zaidi mara nyingi huwa na tundu la pini 6, linaloongeza wati 75, au la pini 8, linaloongeza wati 150. Hapa ndipo mashine nyingi za maofisi zilizotumika, zile tunazozipokea kwa wingi, zinapotukwamisha: pawasaplai zake mara nyingi hazifiki wati 300, na baadhi zina vichwa vya umeme vya kipekee visivyokubali pawasaplai ya kawaida. Pima na hesabu kabla mteja hajanunua kadi, maana kifaa kilichokwisha kusafiri kutoka Dar es Salaam ni vigumu kukirudisha dukani. Tena, hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi yenyewe na si kwenye tundu la ubao mama, kwa kuwa mbao nyingi huzima tundu lake zikiona kadi mpya.

Ramu ndiyo yenye makosa mengi kuliko vyote. Huja kwa vizazi: DDR3 hutumia volti 1.5 na DDR4 volti 1.2, na kijipengo cha kila moja kiko mahali pake, hivyo haziwezi kubadilishana soketi. Lakini ramu ya seva, yaani ya kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, yaweza kuwa DDR4 halali, ikaingia vizuri, ikauzwa kwa bei nzuri, na mashine ya kawaida ikaikataa kabisa. Soma lebo yake kabla ya kulipa. Ramu ikiwa ni ya aina sahihi, chomoa zote, acha moja, ibonyeze mpaka usikie vishikizo vikilia pande zote mbili, kisha jaribu moja moja katika soketi moja iliyotajwa na kitabu cha ubao. Katika kiangazi chetu vumbi la Tabora hupenya kila mahali, kwa hiyo safisha soketi kwa brashi laini na kingo za ramu kwa kifutio cheupe, huku ukigusa chuma cha keisi mara kwa mara ili umeme tuli wa mwilini mwako usiharibu kifaa. Mbao mpya za DDR5 huchukua dakika kadhaa kuizoea ramu mara ya kwanza. Usizime kwa pupa.

Prosesa kuingia kwenye soketi si ushahidi kwamba imekubalika. Intel, watengenezaji wa prosesa, walitumia soketi ya LGA 1151 kwa prosesa za kizazi cha 6 mwaka 2015 na tena kwa kizazi cha 8 mwaka 2017, lakini mbao za mwanzo hazikutengenezwa kuendesha zile za baadaye. Na pale ambapo ubao unaikubali prosesa mpya kwa sharti la BIOS mpya, yaani programu ya ubao inayoiwasha mashine, sasisha BIOS ungali na prosesa ya zamani ndani.

Ikiwa bado imegoma, rudisha vifaa vya zamani vyote. Ikiwaka, ongeza kimoja, washa, ongeza kingine, washa tena. Isipowaka hata hivyo, toa ubao nje ya keisi, uweke juu ya boksi kavu ukiwa na prosesa, feni yake, ramu moja na pawasaplai tu. Nguzo moja ya skrubu, kati ya zile zinazouinua ubao usiguse keisi, iliyowekwa mahali pasipo na tundu inatosha kuleta shoti. Kwa multimita, yaani kipimo cha umeme, waya wa volti 12 usome kati ya 11.4 na 12.6, ingawa kipimo kizuri bila mzigo hakithibitishi kwamba pawasaplai itahimili kadi. Pawasaplai yenyewe msiifungue, kwa sababu kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Kabla ya kutoa betri ya CR2032, ile ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao, ili kurudisha mipangilio ya BIOS, muulize mteja kama diski yake imefungwa kwa usimbaji (encryption) na kama anao ufunguo wa kuifungulia, maana mipangilio ikibadilika huweza kuudai. Na mashine ikiwaka lakini ikasema haioni diski, usikimbilie kuweka Windows upya. Kagua kwanza waya wa SATA, unaounganisha diski na ubao, ambao mkono wako huenda uliusogeza. Na kama umeongeza diski ya M.2, ile nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao, soma kitabu cha ubao, kwa maana baadhi ya mbao huzima tundu moja au mawili ya SATA pindi soketi hiyo inapotumika, na diski yenye kazi zote za mteja ikawa imechomekwa hapo hapo.