Wageni wanataka farasi, tuanzie wapi?

SWALI: Habari daktari. Mimi na mzee wangu tuna shamba la ekari 15 huku Naivasha, tumejenga kotej tatu za wageni wa wikendi na sasa kila mtu anauliza mbona hakuna farasi wa kupanda. Fundi ashatupigia hesabu ya uwanja wa mazoezi wa mchanga, mita 20 kwa 40, na banda la mawe la vyumba sita. Malisho tushazungushia seng'enge, na katikati kuna mparachichi mkubwa wa kivuli. Tununue farasi wangapi?
– Mama Kotej, Naivasha

JIBU: Mama, huyo fundi mwambie apumzike kwanza. Uwanja unaweza kungoja hata mwaka mzima, wageni wa wikendi wengi wanataka tu kuzungushwa shamba polepole, wapigwe picha, washuke. Asiyeweza kungoja ni saisi, yaani mtunza farasi. Tafuta mtu aliyeishi na farasi miaka mingi, na umlipe vizuri, sababu yeye ndo atagundua alfajiri kwamba farasi amegoma kula na anageuka geuka kuangalia ubavu wake, na hapo ni kuita daktari saa hiyo hiyo. Farasi hawezi kutapika, tumbo likimkaba anaweza kukufia kabla ya jioni.

Halafu kuna usubi. Hao wadudu wadogo ndo wanaeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, hauna dawa na unaua vibaya sana, lakini punda milia anabeba virusi vyake wala haumwi, na huko kwenu punda milia ni majirani. Chanja kila mwaka. Usubi huuma zaidi kuanzia jua kuzama hadi asubuhi, kwa hiyo farasi waingie ndani kabla ya magharibi, na hapo ndo banda linakuwa na maana, ila mbao zinatosha kabisa, chumba futi 12 kwa 12, hewa ipite, madirisha yawe na neti ya matundu madogo madogo maana ile ya mbu ya kitandani usubi anapenya.

Idadi? Wawili au watatu. Mmoja peke yake atahangaika, farasi ni mnyama wa kundi, na dume ambaye hajahasiwa usimguse kabisa kwa kazi ya wageni. Farasi wa kilo 450 anamaliza kama kilo 9 za nyasi kavu kwa siku (Boma Rhodes ni sawa), maji lita 30 na zaidi, na kwato zinatengenezwa kila wiki 6 hadi 8. Piga hiyo mara tatu ndo upange bei. Nunua na mizani pia, mgeni pamoja na tandiko asizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, yaani kwa huyo wetu ni kilo 90, najua kuna watakaonuna.

Seng'enge toa yote. Farasi akishtuka anakimbia kwanza, mengine baadaye, nishashona kifua cha mmoja usiku kwa tochi ya simu na sitaki tena. Weka mbao.

Na huo mparachichi, pole, majani yake, gome na matunda ni sumu kwa farasi. Ukate, au uuzungushie uzio mbali kiasi kwamba hata tunda likidondoka na kubingirika hawalifikii.