Mbwa mdogo anayekojoa zuliani

Pole sana ndugu yangu. Umeuliza kwa nini mbwa wako wa miezi 3 anakaa uani nusu saa bila kukojoa, halafu akiingia tu analowesha zulia. Si mkaidi kama unavyodhani. Huko nje anashangaa kuku na wapita njia, anasahau kilichompeleka. Wangu alinitesa hivyohivyo.

Mfunge kamba, mpeleke pembe ileile ya ua kila anapoamka, akimaliza kula na akitoka kucheza. Mchana usizidishe muda wa saa 2 bila kumtoa. Ukifika simama kimya, usicheze naye. Akikojoa mpe kipande cha maini palepale. Ukingoja mpaka ndani, hataelewa anatuzwa kwa lipi. Asipokojoa, rudi naye, abaki na kamba karibu yako, mtoe tena baada ya dakika 10.

Kumsugua pua kwenye mkojo, kama jirani alivyokushauri, acha kabisa. Atajifunza kukojoa nyuma ya kochi, basi. Zulia lisafishe kwa siki na maji, maana harufu ndiyo inayomrudisha.

Kabla hajamaliza chanjo asitoke getini, parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, inaua. Akikojoa matonematone au ukiona damu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.