Usisaini orodha iliyoandikwa kwa penseli

Nilikuwa taimukipa, yaani mwandika mahudhurio, kwenye mradi wa mtaro wa maji ya mvua, upande wa Temeke, Dar es Salaam. Fedha za serikali, bango kubwa barabarani, mkandarasi mkuu mwenye magari mapya. Ila sisi hatukuwa watu wake. Tulikuwa chini ya jamaa aliyepewa kipande cha kumwaga zege, naye alikuwa na nyapara, na nyapara ndiye aliyelipa kila Jumamosi jioni chini ya mwembe.

Vibarua walisaini orodha ambayo safu ya malipo ilijazwa kwa penseli: 15,000 kwa siku. Baadaye nikaiona orodha ileile ofisini kwa mkandarasi mkuu. Penseli imefutwa, kwa wino pameandikwa 22,000. Sahihi ni zilezile, na ya kwangu iko chini kabisa, penye neno "imehakikiwa".

Nilinyamaza miezi miwili. Siwezi kujipamba, nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba Mbagala. Mpaka yule jamaa wa zege alipozima simu akiwa na malipo ya wiki mbili ya watu 31.

Kilichotuokoa ni kijidaftari cha shule cha mzee mmoja, saidia fundi. Kila siku aliandika tarehe, saa aliyoingia, saa aliyotoka, wangapi walikuwepo na alicholipwa. Mengine yalikuwa ya nyumbani, deni la unga na kadhalika. Tulikwenda nacho kwa mhandisi msimamizi, akafungua rekodi zake za saiti za kila siku: idadi ya watu ikalingana. Mkandarasi mkuu akatulipa zile wiki mbili, kwa 15,000. Ile 7,000 ya juu kwa siku zilizopita hatukuiona. Tungedai vipi, na sahihi zetu zinasema tumeipokea?

Kwa hiyo, wewe unayeingia saiti kesho: kabla ya kusaini, kiasi kiwe kimeandikwa kwa wino, na wewe uhesabu pesa kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inataka mshahara wa taslimu utolewe mahali pa kazi, saa za kazi, ndani ya bahasha iliyofungwa, pamoja na maelezo ya maandishi ya malipo na makato. Mimi bahasha niliiona kwenye harusi tu.

Usikubali kuambiwa kibarua hana mkataba. Ukifanya kazi siku 6 au zaidi kwa mwezi kwa mwajiri mmoja, anatakiwa akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi. Mkifika kwenye shauri bila yeye kuwa nayo, mzigo wa kuthibitisha masharti unakuwa wake. Hapo ndipo kijidaftari chako kinapata nguvu.

Halafu piga hesabu ya saa. Kikomo cha saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Sisi tuliingia saa 1:30 asubuhi, tukatoka saa 12 jioni, mapumziko ya chakula yakila saa nzima. Ni saa 9 na nusu mara siku 6, yaani 57. Saa 12 zimezidi. Kwa 15,000 ya siku ya saa 7 na nusu, saa moja ni 2,000, na ya ziada hulipwa mara moja na nusu, 3,000. Kila mmoja wetu alikuwa akiacha 36,000 kwa wiki pale kwenye kifusi, na hakuna aliyejua, taimukipa akiwemo.

Ukidhulumiwa, anza na mhandisi msimamizi kwa barua, siyo maneno, nakala kwa mshitiri, yaani mwenye mradi. Cheti cha malipo, hati ya kuidhinisha mkandarasi alipwe, kinapita mikononi mwao, na hakuna mkandarasi anayependa kicheleweshwe. Lakini usisubiri ahadi zao ukasahau tarehe: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea madai ya mshahara ndani ya siku 60, ila ukipinga kufukuzwa kazi, ni siku 30 tu. Huhitaji wakili kujaza fomu.

Na lile bango la mradi, lenye majina ya mshitiri, mkandarasi na mhandisi mshauri, lipige picha siku ya kwanza. La kwetu lilikwenda kwa wauza chuma chakavu kabla hata mtaro haujafunikwa.