Alama nyeupe haiondolewi kwa unga wa kuongeza kinga

Usinunue huo unga. Umeandika kwamba ulipimwa kwa siki, ikaonekana alama nyeupe kwenye mlango wa kizazi, dalili kwamba huenda seli zimeanza kubadilika, ukaambiwa urudi ichomwe, nawe wataka kwanza kujenga kinga kwa miezi sita kwa sababu CD4 zako, zile seli za kinga, ziko juu. Hili haliwezi kungoja, kwani maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2017 nikiwa kwenye benchi la kliniki hapa Kisumu.

Nami naishi na virusi vya Ukimwi, na wakati huo ARV zilikuwa zimevidhibiti hata havionekani katika damu, basi nikajiona shujaa. Muuzaji mmoja, aliyevaa koti jeupe ambalo sasa naamini lilitoka mitumbani, aliniambia kwamba kinga ya mwili yenyewe humaliza virusi vya HPV, vile vya ngono vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Uongo wake ulikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana nikaumeza mzima. Ni kweli kwamba maambukizi mengi huondolewa na kinga ndani ya miaka miwili hivi. Alichonificha, au hakukijua, maana koti halisomi, ni hali ya yale yanayobaki. HPV hukaa katika ngozi laini ya mlango wa kizazi, haiingii kwenye damu, haipasui seli wala kuleta homa, kwa hiyo askari wa mwili hupita kando yake bila kushtuka. Ikidumu miaka, hasa aina ya 16 na ya 18, protini zake E6 na E7 hulemaza breki zinazozuia seli kugawanyika ovyo, na hapo kinga inakabiliana na seli zako mwenyewe zilizokwisha kujua kujificha. Kwetu sisi hatari ya saratani hii ni mara sita ya wanawake wasio na virusi vya Ukimwi, na safari ya kutoka maambukizi hadi saratani, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20, huweza kukamilika kwa mitano hadi 10 kinga ikiwa dhaifu. ARV hupunguza hatari hiyo lakini haziimalizi.

Nilikunywa unga huo miezi 18, nikauza mbuzi wawili kuulipia, na kilichonenepa ni mfuko wa muuzaji. Niliporudi kliniki, baada ya kuona damu kila nikitoka kukutana na mume wangu, alama ilikuwa imeingia ndani ya njia ya kizazi, mahali ambapo kifaa cha kuchomea hakifiki. Kuchomwa kungechukua dakika chache, nami ningerudi nyumbani kwa bodaboda siku iyo hiyo. Badala yake nilikatwa kipande kidogo cha nyama kikapelekwa maabara, majibu yakaja ni saratani, nikaondolewa kizazi nikiwa na miaka 34 na mtoto mmoja tu.

Virusi huachiwa kinga, dada yangu. Alama ikishaonekana, huachiwa kliniki. Kula mboga zetu za osuga na dek upendavyo, meza ARV kwa saa yake, lakini chomwa kwanza, kisha urudi kupimwa baada ya miezi 12, kwa kuwa kwetu alama hurudi mara nyingi zaidi. Karatasi yako ya kurudi kliniki imeandikwa tarehe gani? Ukiniambia, nitakusindikiza, lile benchi nalijua vizuri.