Mifugo na maji ya mto: anza na chupa mbili

Mwalimu, umeuliza utawaonyeshaje kidato cha tatu jinsi mifugo inavyoathiri maji, na maabara huna. Jaza maji ya bwawa kwenye chupa mbili angavu, moja utie samadi kidogo tu, uziache dirishani penye jua bila kuziba. Baada ya wiki kadhaa yenye samadi kwa kawaida huwa kijani zaidi: naitrojeni na fosforasi vya samadi vimelisha mwani, yaani vimea vidogo vya majini. Mwani ukifa, bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni, samaki wakakosa hewa. Hapo magugumaji ya Ziwa Victoria yataeleweka, maana nayo hulishwa na virutubisho hivyo, ingawa mbolea za mashambani na majitaka ya mijini navyo vinachangia.

Kisha wapeleke wanafunzi mtoni, ng'ombe wanakonywea, waone kingo zilivyokanyagwa. Ila usiwalaumu wafugaji, wengine ni wazazi wao. Waulize wanafunzi birika la kunyweshea lijengwe wapi ili ng'ombe wasiingie mtoni.